Mama Kulwa wa Kizota

Jamaldini alihamia kwenye nyumba yangu ya Kizota wiki moja baada ya Idd, mwaka tisini na tatu, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa swali.

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

Nilikuwa nimechuchumaa nje, nakoroga uji ninaowauzia mafundi wa gereji za jirani, majivu yamenipanda mpaka kwenye viwiko. Nikamjibu, "Ndiye mimi."

Akanitazama kutoka kilemba mpaka nyayo, akamgeukia mkewe, akashusha pumzi. Hakuniamkia. Kijana wa miaka thelathini na kitu, wakati mwanangu Gideoni anamkaribia kwa umri, lakini shikamoo aliiona kubwa mno kwa mama wa Kigogo mwenye majivu. Aliyeniamkia ni mkewe, Stara, naye alikuwa na mtoto mmoja mgongoni, mwingine ubavuni, na kapu kichwani. Mume alikuwa amebeba redio.

Watoto walikuwa mapacha, wa kiume na wa kike, ndio kwanza wametimiza mwaka. Baba yao aliwapa majina ya Hanifu na Shamimu. Sisi tuliwaita Kulwa na Doto, kama pacha wote wa nchi hii, na yeye akasonya kila aliposikia. "Majina ya porini hayo," alisema. Basi akabaki anaita Hanifu na Shamimu peke yake, na watoto hawageuki.

Alikuwa karani katika shirika moja la umma, akikaa Area D kwenye nyumba ya shirika, yenye bomba ndani. Ndiyo miaka ile mashirika yalipokuwa yanapunguza watu. Wenzake waliopunguzwa walilia siku mbili tatu, kisha wakatafuta cha kufanya, huyu akafungua kibanda, yule akarudi kulima zabibu. Jamaldini hakulia wala hakutafuta. Aliamini kuna mtu amekosea, na kosa likigunduliwa ataitwa. Kila asubuhi alifunga tai, akakaa kwenye kochi, akasubiri kuitwa.

Makochi yenyewe yalikuwa kituko. Ilibidi fremu ya mlango ing'olewe ndipo yaingie, na yalipoingia hakukuwa na pa kupita. Yalikuwa bado yamevikwa nailoni ya dukani. Mtu akikaa yanalia kama bata.

"Sisi tulifika Dodoma kabla ya reli," alipenda kuwaambia watu, akimaanisha babu zake waliokuja na misafara ya biashara. Sisi Wagogo tuliokuwepo walipofika, tukawauzia maji wasife kiu, tulimsikiliza tu.

Pasaka ilipofika nilipika pilau. Kuku nilimpeleka kwa jirani yetu Shaibu, Mwislamu, akachinja kwa bismillahi, kama tunavyofanya siku zote ili kila mtu ale. Nikafunika sahani, nikawapelekea. Jamaldini aliipokea mlangoni, akainua kifuniko, akanusa, akanirudishia.

"Tumeshakula, mama."

Nyuma yake Doto alikuwa amenyoosha mikono miwili kuelekea ile sahani. Nikarudi nayo. Kuku wa watu nikamla mwenyewe, na nikala kwa hasira.

Stara hakusubiri kuitwa na mtu. Aliuza vitenge vyake viwili vya harusi, akanunua belo la nguo za watoto za mtumba na mwenzake, wakapanga turubai Soko la Sabasaba. Watoto wakaachwa na Bi Sabiha, mama yake Jamaldini, aliyekuja kusaidia kwa miezi mitatu. Alikaa siku tisa. Siku ya kumi aliniita barazani, ameshafunga mzigo wake.

"Mama Gideoni, mimi nimelea wangu saba," akaniambia. "Nilikuja nikidhani nitamsaidia mkwe wangu. Naona nimekuja kulea watatu, na mmoja wao amevaa tai."

"Mwambie mwenyewe, Bi Sabiha."

"Nimemwambia. Kasema hiyo ni kazi ya wanawake. Basi na apate mwanamke wa kuifanya."

Akapanda gari la Kondoa, kwa binti yake.

Kesho yake Stara alitoka alfajiri kama kawaida. Jamaldini akabaki na mapacha, gazeti la juzi na tai. Kufika saa nne Kulwa alikuwa ndani ya ndoo ya maji ya kufulia, na Doto alikuwa kwenye bakuli la kuku wangu, anakula pumba kwa viganja vyote viwili. Baba yao akatoka nje akipiga kelele.

"Mama, hawa kuku wako watafungwa lini? Wanaingilia watoto!"

"Mtoto ndiye aliyeingilia kuku," nikamwambia. "Mtazame kuku alivyo na njaa."

Alimnyanyua Doto kwa kwapa moja kama mtu anayeokota kitu barabarani.

Nepi alizifulia ndani ya chumba, mlango ameufunga, ili mafundi ng'ambo ya barabara wasimwone. Lakini maji machafu hayana siri. Yalipita chini ya mlango, yakateremka barazani, yakaenda mpaka jikoni kwangu. Na kwa kuwa hakutaka kuzianika nje, alizitandaza juu ya makochi. Stara akirudi jioni anakuta sebule inanuka mkojo na mumewe amekaa katikati ya nepi ishirini, anasikiliza taarifa ya habari. Nilimdharau, sifichi. Mtu ambaye anaona aibu kufua lakini haoni aibu kunuka, utamwita nani?

Mwezi wa tano Kulwa akatembea. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, upepo wa kiangazi umeanza kupuliza vumbi. Aliachia ukuta wa baraza, akaenda hatua nne tano mpaka kwenye kinu changu, akakikumbatia. Mafundi walioketi kunywa uji wakapiga makofi. Jamaldini alitoka mbio, akamrusha juu, na kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake.

Jioni Stara alipoingia na mzigo kichwani, mumewe hakusubiri hata autue.

"Mwanao ametembea leo. Uwani pote wameona. Wewe ulikuwa sokoni."

Nilikuwa nachambua mchicha, mkono ukasimama. Stara alitua mzigo polepole. "Kulwa ametembea?"

"Nimesema wewe ulikuwa sokoni."

"Na wali unaokula wewe ulikuwa wapi?" Stara akamjibu. "Si ulikuwa sokoni na mimi?"

Akaingia ndani. Hakumwita mtoto atembee tena amwone. Usiku ule kwao hakukusikika redio.

Tangu hapo Kulwa akawa wa baba. Alikula haraka, alicheka haraka, alipewa kochi. Doto alikuwa mzito wa kula. Ukimpelekea kijiko anageuza uso, ukirudia anatapika. Baba yake akamchoka. "Huyu mzembe," alisema mbele za watu. "Kawafuata wajomba zake." Alimjaribu vijiko vitatu, akiona hataki anammalizia Kulwa bakuli. Mwenzake anakimbia uwani, yeye amekaa mkekani anakusanya mchanga kwenye nguo. Nilimwambia Jamaldini siku moja kwamba mtoto anapungua. Akanijibu kwamba yeye amesoma. Sikumwambia tena.

Mwezi wa nane Stara alipatwa na homa, na siku ya kliniki ikafika. Jamaldini akalazimika kuwapeleka yeye. Nilikwenda naye kwa sababu Stara aliniomba, vinginevyo ningetembea upande mwingine wa barabara. Alikuwa mwanamume peke yake katika foleni ya wanawake zaidi ya hamsini, tai shingoni, mtoto kila mkono. Wanawake wakawa wanakonyezana.

"Baba, mama yao yuko wapi?" nesi akamuuliza.

"Anaumwa. Na hata angekuwa mzima, nafahamu kusoma mzani."

Kicheko kikaenda mpaka mwisho wa foleni. Nesi hakucheka. Alimtundika Kulwa kwenye mzani, akaandika. Akamtundika Doto. Akamtoa, akamtundika tena, kana kwamba mzani umemdanganya.

"Hawa wamezaliwa siku moja?"

"Mapacha," Jamaldini akasema kwa maringo.

"Basi huyu mmoja unamlisha, na huyu mwingine unamtazama."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini foleni nzima ilisikia. Kisha akaeleza: kilo hizi ni za mtoto wa miezi tisa, asipoongezeka kwa mwezi mmoja atalazwa, na akilazwa atalala naye hapohapo baba au mama, yeyote anayefahamu kusoma mzani.

Njia nzima ya kurudi nikangoja amlaumu nesi, amlaumu mkewe, awalaumu kuku wangu. Hakumlaumu mtu. Tulipofika alimkalisha Doto mkekani na kumtazama muda mrefu, na sikupenda jinsi uso wake ulivyokuwa, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumcheka.

Siku zilizofuata alipambana na yule mtoto kama mtu anayepigana na kufuli. Alimpa kijiko kikubwa, akampa kidogo. Aliimba, na sauti yake ni ya chura. Alijifanya anakula yeye. Doto akageuza uso kwa kila kitu. Siku moja uvumilivu ulimwisha, akaweka bakuli chini kwa kishindo, akampa Doto mgongo, akakaa anatazama ukuta.

"Usile," akamwambia. "Kaa hivyohivyo."

Nami nikiwa jikoni nikaona mkono mdogo unaingia kwenye bakuli. Ukatoka na uji, ukaenda mdomoni. Ukarudi. Nikakohoa. Jamaldini akataka kugeuka, nikamwashiria kwa mwiko: tulia hapo hapo! Akatulia. Mtoto akala, akajipaka mpaka nyusi, akamaliza nusu ya bakuli, baba amekaa anatazama ukuta wangu wa udongo na machozi yanamtoka. Au ni moshi wangu, sijui. Sikumuuliza.

Alikuwa ni mtoto asiyetaka kutazamwa anapokula, basi. Kuanzia siku hiyo, mara tatu kwa siku, ungemkuta mwanamume mzima amekaa uwani anatazama ukuta, na nyuma yake mtoto anakula. Kulwa alilishwa kwanza, kisha akafungiwa ndani ili asimsumbue mwenzake, akapiga mlango mateke. Mafundi wakamaliza kucheka, wakazoea. Nepi nazo zikatoka nje, zikaanikwa kwenye kamba yangu bila kuniomba ruhusa.

Lakini msidhani alikuwa mtu mwema sasa. Dharau yake haikupungua hata robo, ilihama tu mahali pa kukaa. Zamani aliwadharau wanaolea, sasa akawadharau wasiojua kulea, na hao ndio sisi sote. Mwezi wa tisa alikwenda kliniki tena, Doto ameongezeka, na akaanza kuwafundisha wanawake kwenye foleni. "Wewe dada, mtoto habebwi hivyo." "Wewe, unampa chai ya nini huyu, ni mzee?" Mama mmoja mwenye watoto sita alimwambia aende akanyonyeshe kwanza, halafu aje kumfundisha.

Jina la utani alilipata kwa Shaibu. Huyu Shaibu naye alipunguzwa kazi mwaka ule ule, na tangu siku hiyo kazi yake ilikuwa kukaa barazani karibu na msikiti na wenzake, wanaipanga nchi upya. Mkewe anauza maandazi, anarudi jioni kupika, anamchotea maji ya kuoga, na Shaibu anaoga, anarudi barazani. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumcheka Jamaldini. Siku hiyo Jamaldini alikuwa anatoka dukani kununua mafuta ya taa, Kulwa mbele, Doto begani. Kulwa akajikwaa, akaanguka kifudifudi, akainua mikono kwa baba yake, akalia kwa sauti ambayo baraza zima lilisikia:

"Mama! Mama!"

Shaibu karibu aanguke kwenye benchi. "Jamani, Mama Kulwa anaitwa! Mama Kulwa, nyonyesha mtoto!"

Jina likafika nyumbani kabla ya mwenyewe. Mafundi wakamwita, wauza maji wakamwita. Nilitarajia atajifungia ndani na tai yake. Hakujifungia. Alisonya tu, akasema kwangu, "Shaibu hajui hata mwanawe wa mwisho ana meno mangapi," kama vile hilo ndilo tusi kubwa kuliko yote duniani.

Doto alitembea mwezi wa kumi, joto limeshika, mawingu yanakuja na kuondoka bure. Aliinuka mkekani mwenyewe, akaenda moja kwa moja kwa baba yake aliyekuwa anatazama ukuta, akampiga mgongoni. Jamaldini akageuka, akamkuta amesimama nyuma yake bila kushika kitu. Nikapiga kigelegele.

"Nyamaza!" akanikaripia. Nyumba ni yangu, kigelegele ni changu. "Mama Gideoni, nyamaza. Usimwambie Stara."

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba umeona. Hujaona kitu."

Mchana kutwa alimkalisha Doto kwa nguvu, akimpa vijiti na vifuniko vya sufuria achezee chini. Mafundi aliwaendea mmoja mmoja akawaambia wafunge midomo yao. Stara aliporudi jioni, kabla hajafungua mzigo, Jamaldini alimsimamisha Doto mlangoni, akamwachia, akajitia kushangaa.

"Heh! Stara, hebu tazama huyu anataka kufanya nini."

Doto alikuwa amekalishwa siku nzima, hakuhitaji kubembelezwa. Alitoka mlangoni kama risasi, akaanguka mikononi mwa mama yake. Stara alipiga magoti kwenye vumbi, akamkumbatia, akacheka na kulia pamoja. "Ametembea! Baba Kulwa, ametembea kwangu!"

"Mtazame vizuri," mumewe akasema kwa ukali. "Kesho usiseme hukuonyeshwa."

Nikainamia sufuria yangu. Mwongo mkubwa yule. Sijawahi kumwona mtu akidanganya vizuri namna ile.

Krismasi ilikuja na mvua. Sikuwapelekea sahani, kwa sababu mimi nina kumbukumbu. Lakini tulipotoka kanisani nilimkuta Jamaldini amekaa jikoni kwangu na mapacha wake, wamevaa nguo za Idd ambazo zimeshawafupia. Alisema watoto wamesikia harufu. Walikula pilau, Doto naye, sote tumempa mgongo, familia yangu nzima inatazama ukuta siku ya kuzaliwa Bwana. Jamaldini alikula sahani mbili, kisha akaniambia mjukuu wangu amevishwa nguo nyingi mno kwa joto hili na mkwe wangu anamlisha kama anayejaza gunia. Mkwe wangu akaondoka mezani. Karibu nimfukuze.

Mfungo wa mwaka uliofuata uliangukia mwezi wa pili, mapacha wanatimiza miaka miwili. Kulwa alishajua kugawa chakula, na mchana mmoja alimsukumia baba yake tonge la ugali mdomoni kabla hajawahi kufumba. Jamaldini akatema, akasukutua, akaenda msikitini kuuliza kama funga imeharibika. Alirudi amekasirika, kwa sababu aliambiwa haikuharibika, lakini waliokuwepo walicheka kwanza ndipo wakamjibu.

Idd ikaja. Stara aliwashonea watoto nguo mpya, za kitambaa cha dukani, si cha belo. Bi Sabiha alirudi kutoka Kondoa na kashata. Shaibu naye akaja kula, maana siku ya Idd hakosi nyumba. Alipokaa tu akaanza.

"Mama Kulwa, idi mubaraka. Pilau umepika wewe au mumeo?"

Watu wakacheka. Jamaldini hakuinua uso. Alikuwa anamfuta Kulwa pua. "Wa kwako wa mwisho anaitwa nani, Shaibu?"

"Anitha," Shaibu akasema.

"Anitha ni wa tatu. Wa mwisho anaitwa Zaitun."

Mkewe Shaibu, aliyekuwa anapakua, akaacha kupakua. Bi Sabiha akafyonya, akamtazama mwanawe tangu kichwani mpaka miguuni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Bado ana kiburi. Lakini naona amebakia mmoja tu wa kulelewa humu." Sikujua anamsema nani kati ya wote waliokuwepo, nikaitikia tu.

Baada ya Idd mfanyabiashara mmoja aliyenunua maghala ya zamani alimwita Jamaldini akamtunzie stoo. Hakuitwa na shirika, shirika lilikuwa limeshafungwa geti. Akaenda. Stara akaajiri dada wa kukaa na watoto, Jamaldini akamfukuza. Akaajiri wa pili, akamfukuza. Wa tatu, Paskazia, alikuwa na kiburi kumzidi, huyo akadumu. Hata hivyo kila adhuhuri Jamaldini alitoka kazini kwa miguu, jua la utosi, akaja kukaa uwani kumpa Doto mgongo ale, kisha akarudi. Paskazia alimwambia mtoto siku hizi anakula hata akitazamwa. Akamjibu kwamba yeye hakuulizwa.

Walikaa kwangu mwaka mmoja zaidi, wakapata nyumba yao. Siku ya kuhama hakuniaga kwa maneno ya maana. Aliniambia niezeke upya paa la jikoni.

Mwaka wa tisini na sita Stara alijifungua tena, nikaenda kumwona hospitali. Jamaldini alikuwa ameshafika, amesimama kando ya kitanda, anakitazama kichanga kimoja kilichofungwa kwenye kanga kana kwamba ameletewa nusu ya mzigo.

"Mmoja tu?" akasema. "Huyu hata Shaibu anaweza."

Stara alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, na nesi akaja akatutoa nje sote wawili.